Tyrus Wong na meza zake mbili za kuchorea

Mchoraji aliyeajiriwa na studio ya filamu huchora ili wengine wapate pa kuanzia. Mchoro wake huenda kwa mafundi watakaojenga mandhari ya kuigizia, kwa mpiga picha atakayepanga taa, na kwa muongozaji atakayeamua kamera isimame wapi. Filamu ikikamilika, mchoro umemaliza kazi yake. Ni mali ya studio, na mara nyingi huishia kabatini au jalalani. Ndiyo maana wachoraji wengi wa fani hii huwa na kazi ya pili nyumbani, kazi isiyoagizwa na mtu, ambayo uamuzi wote ni wao. Kuzibeba zote mbili miaka nenda miaka rudi, bila moja kuimeza nyingine, ni jambo zito. Miongoni mwa wachache walioliweza Hollywood ni Tyrus Wong, Mchina aliyeipa filamu ya Bambi sura yake.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Wong Gen Yeo. Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1910 katika eneo la Taishan, jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Mwaka 1920 alivuka Bahari ya Pasifiki pamoja na baba yake kwenda Marekani, wakawaacha mama na dada. Mama yake hakumwona tena. Sheria ya mwaka 1882 ilikuwa imewafungia mlango vibarua wa Kichina, lakini tetemeko la ardhi na moto wa San Francisco wa mwaka 1906 viliteketeza kumbukumbu za serikali, na Wachina wengi wakapata mwanya wa kuingia kwa kutumia karatasi za watu wengine. Mtoto huyu naye aliingia kwa jina la Look Tai Yow. Alizuiliwa wiki kadhaa katika kituo cha uhamiaji cha Angel Island, mbali na baba yake, mpaka maofisa walipomaliza kumhoji na kuridhika. Baadaye mwalimu mmoja wa shule aliligeuza Tai Yow likawa Tyrus, na jina hilo likadumu.

Shule yake ya kwanza ya uchoraji ilikuwa chumba cha kupanga katika mtaa wa Wachina mjini Los Angeles. Kila usiku baba alimkalisha mwanawe kujifunza mwandiko wa Kichina wa brashi. Wino na karatasi nzuri vilikuwa ghali, kwa hiyo mtoto alichovya brashi kwenye maji na kuandika juu ya magazeti ya zamani. Herufi ilionekana kwa muda mfupi, kisha maji yakakauka na ukurasa ukawa tayari kutumika tena. Mazoezi ya namna hiyo hayaachi kitu cha kuonyesha wageni, lakini hujenga mkono. Herufi ya brashi haifutwi wala hairekebishwi: unene wa mstari, kasi yake na mahali unapokatika huamuliwa kabla brashi haijagusa karatasi. Kila alichokuja kukifanya Wong baadaye, cha mshahara na cha nafsi yake, kilitokana na nidhamu hiyo.

Kipaji chake kilionekana shuleni, akapata nafasi katika chuo cha sanaa cha Otis, ambako alisoma huku akifanya usafi wa majengo. Chuoni alifundishwa uchoraji wa Kizungu. Wa Kichina alijifunza mwenyewe, akipitia vitabu vya sanaa katika maktaba kuu ya Los Angeles, hasa picha za mandhari za enzi ya Song, zenye milima mikubwa, ukungu mwingi na binadamu mdogo asiyejitanguliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kazi zake zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa kwenye jumba la sanaa la Chicago, katika onyesho lililokuwa na kazi za Picasso na Matisse. Mdororo wa uchumi, hata hivyo, haukumwacha msanii ale kwa brashi pekee. Alichora kwa malipo ya mpango wa serikali wa kuwasaidia wasanii, na katika mkahawa wa Dragon's Den alipamba kuta kwa michoro na pia akahudumia wateja mezani. Hapo ndipo alipokutana na Ruth Kim, wakaoana mwaka 1937. Familia ilihitaji mshahara wa uhakika, na mwaka uliofuata Wong akaingia studio ya Walt Disney.

Alianzia ngazi ya chini kabisa. Katika filamu ya katuni mchoraji mkuu huchora mikao mikubwa ya mhusika, na mchoraji wa ngazi ya chini hujaza picha zote zilizo katikati ili mwendo uonekane laini. Ni kazi ya kuchungulia mstari wa mwenzako siku nzima juu ya meza yenye taa, na humchosha yeyote mwenye mawazo yake. Wong hakuona kama angeiweza kwa miaka mingi.

Wakati huo studio ilikuwa imekwama katika maandalizi ya Bambi, filamu iliyotokana na kitabu cha Felix Salten cha mwaka 1923. Walt Disney alitaka wanyama wenye uhalisi, na studio haikubania. Maelfu ya kilomita kutoka California, katika misitu ya Maine, zilipigwa picha za miti na vichaka, na watoto wawili wa kulungu wakaletwa studio ili wachoraji wawatazame wakitembea. Wanyama wakachoreka vizuri. Tatizo lilikuwa msitu. Wachoraji wa mandhari walikuwa wamezoea mtindo wa Snow White, filamu ya mwaka 1937, ambamo kila kitu kina mapambo yake. Kwa Bambi walichora kila jani, kila tawi na kila gome la mti, na matokeo yake kulungu akapotea machoni pa mtazamaji.

Wong alipopata habari za filamu hiyo alisoma hadithi na kuona kwamba karibu yote inatokea porini. Mandhari ndiyo iliyokuwa kazi yake mwenyewe, ile aliyoifanya bila kuagizwa. Akatengeneza picha kadhaa ndogo na kuzipeleka kwa mkurugenzi wa sanaa, Tom Codrick. Picha hizo bado zipo, na inafaa kuzitazama kwa makini. Katika nyingi kulungu ni mdogo mno, pengine kivuli tu chenye masikio na shingo. Miti ya kando imepakwa kwa brashi pana iliyolowa, rangi moja ikimwagikia nyingine, na ukitafuta jani huoni hata moja. Katikati pameachwa peupe, na mwanga huo mtupu ndio unaolipeleka jicho moja kwa moja kwa mnyama. Msitu hauelezwi, unahisiwa: ubaridi wa alfajiri, unyevu, hatari ya uwanda usio na maficho. Studio nzima ilikuwa ikitafuta jibu katika kuongeza, naye akaleta jibu la kupunguza.

Walt Disney alizipenda, na Wong akapewa kazi ya kuchora picha za kuongoza filamu nzima. Wachoraji wengine walitakiwa kuufuata mkono wake, na mtindo huo ukaathiri mwanga na rangi za matukio. Asingeweza kufika hapo kwa kupanda ngazi za studio. Alifika kwa sababu alikuwa na uchoraji wake mwenyewe, uliokomaa nje ya kazi ya kuajiriwa, na siku studio ilipouhitaji aliutoa ukiwa tayari.

Malipo yake hayakulingana na mchango huo. Mwaka 1941 wafanyakazi wa Disney waligoma. Wong hakugoma, lakini katika uhasama uliofuata aliachishwa kazi kabla filamu haijatoka. Bambi ilipofika kwenye kumbi mwaka 1942, jina lake lilikuwa limechanganywa na majina ya wachoraji wa mandhari, bila neno la kuonyesha kwamba mwonekano wote ulianzia kwake. Hiyo ilikuwa dhuluma, na wapenzi wa filamu wamechukua miaka mingi mno kuitambua.

Mwaka huohuo wa 1942 aliajiriwa na Warner Bros., akakaa huko miaka 26. Kazi sasa ilikuwa ya filamu za waigizaji. Alisoma muswada na kuchora tukio moja baada ya jingine kwa mfuatano: chumba kina ukubwa gani, mwanga unaingilia dirisha lipi, farasi wanatokea upande gani, mhusika anaonekana kwa karibu au kwa mbali. Michoro hiyo ilimsaidia muongozaji kuiona filamu kabla ya kuipiga, nayo studio ikajua gharama zake mapema. Alichorea Rebel Without a Cause ya mwaka 1955 na The Wild Bunch ya mwaka 1969, na aliazimwa kwa studio nyingine kwa ajili ya Sands of Iwo Jima ya mwaka 1949. Tofauti na Bambi, hapa mtazamaji haoni hata mstari mmoja wa mkono wake. Kinachoonekana ni uamuzi wake tu, ukiwa umegeuka kuta, taa na watu.

Mtu angedhani kwamba baada ya siku ya kuchora kwa amri, brashi ingekuwa kitu cha mwisho kushikwa nyumbani. Kwa Wong haikuwa hivyo. Aliendelea na mandhari zake za rangi ya maji, akapamba vyombo vya udongo, na tangu miaka ya 1950 akabuni kadi za Krismasi zilizouzwa nchi nzima. Kadi moja ya mwaka 1954 iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Kadi zilikuwa biashara, ni kweli, lakini mtindo wake ulikuwa uleule wa vitabu vya maktaba: mchungaji mdogo chini ya mti mkubwa, tawi moja, na karatasi nyingi iliyoachwa wazi. Wong hakutenga sanaa ya juu na kazi ya kuuza. Alichokilinda ni mkono wake, usije ukajua kuchora kwa kuambiwa tu.

Wengine walichagua njia tofauti. Eyvind Earle, aliyebuni mandhari ya Sleeping Beauty ya mwaka 1959, aliondoka Disney na hatimaye akayaweka maisha yake katika picha zake mwenyewe. Alan Lee wa Uingereza alitafutwa na filamu kwa sababu ya picha zake za rangi ya maji katika toleo la The Lord of the Rings la mwaka 1991. Alikaa New Zealand miaka kadhaa akiwachorea watengenezaji wa filamu za hadithi hiyo, na mwaka 2004 akapata Oscar. Wote watatu wanathibitisha jambo moja: kile studio ilichokihitaji zaidi kwao hakikuzaliwa studio.

Wong alistaafu mwaka 1968 na kuishi karibu miaka 50 zaidi. Katika kipindi hicho alianza kuunda tiara kwa mianzi na karatasi, akizipaka rangi mwenyewe: mbayuwayu, vipepeo, na tandu wenye urefu wa zaidi ya mita 30, ambao aliwarusha ufukweni Santa Monica. Heshima ya umma ilikuja amekwisha zeeka. Kampuni ya Disney ilimtunukia hadhi ya Disney Legend mwaka 2001, jumba la makumbusho la familia ya Disney mjini San Francisco likaandaa onyesho la kazi zake mwaka 2013, na mwaka 2015 Pamela Tom akatoa filamu ya maisha yake iitwayo Tyrus. Katika onyesho hilo la San Francisco picha za Bambi zilitundikwa pamoja na kadi, mandhari na tiara, na yeyote aliyepita aliweza kuona kwamba ni za mkono mmoja. Alifariki dunia nyumbani kwake mjini Los Angeles tarehe 30 Desemba 2016, akiwa na umri wa miaka 106.