Zawadi ni yako, nambari ni za jamaa zako

FULANA, bando la intaneti au muda wa maongezi ni baadhi ya zawadi ambazo mkazi wa Malindi, Watamu au Mtwapa huahidiwa iwapo atakubali kupakua programu ya kampuni fulani kwenye simu yake. Hadaiwi hata senti. Anachoombwa ni kubonyeza neno ‘Ruhusu’ mara tatu au nne, na wengi hubonyeza bila kusoma kwa kuwa foleni ni ndefu na jua la pwani halina huruma.

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Kampuni inayogawa fulana inatarajia kupata kitu, na aghalabu kitu hicho ndicho kilichojificha nyuma ya neno hilo.

Kila ruhusa hufungua mlango wake. Ruhusa ya mahali huiwezesha programu kujua mwenye simu yuko wapi, na ikiendelea kufanya kazi usiku, hubaini nyumba anayolala. Ruhusa ya arafa ina uzito wa pekee nchini Kenya, kwani tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, ujumbe unaothibitisha kila malipo huhifadhiwa kwenye simu. Anayezisoma arafa hizo huona pesa zilizoingia, zilizotoka, aliyezituma na salio lililobaki. Ni taarifa ambazo mtu huwaficha hata ndugu zake.

Hata hivyo, ruhusa inayostahili kutiliwa shaka kuliko zote ni ile ya orodha ya nambari za simu. Aliyepewa fulana angalau ameridhia mwenyewe, kwa busara au bila busara. Lakini mwongoza watalii wa Watamu anapobonyeza ‘Ruhusu’, hutoa pia nambari za wageni wake kutoka Italia, za mama mkwe na za mwalimu wa watoto wake. Muuza samaki wa Mayungu hutoa za wavuvi na wateja wake wote. Hao hawakuulizwa wala hawakupata fulana. Katika hali hiyo, ni vigumu kusema kwamba mwenye simu ametoa kilicho chake.

Madhara ya jambo hilo yalidhihirika kupitia programu za mikopo ya simu, ambazo nazo huwavutia watu kwa urahisi wake. Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyomiliki programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000. Kampuni hiyo ilipatikana na kosa la kutumia majina na nambari ilizopata kwa watu wengine kuwapigia watu simu na kuwatumia jumbe za vitisho. Mwaka huo huo, Google ilipiga marufuku programu za mikopo ya kibinafsi katika duka lake kuchukua nambari na picha zilizomo kwenye simu za wateja. Marufuku hayo yalilenga mikopo. Hayakugusa programu nyingine zote zinazogawa zawadi.

Suala la iwapo idhini iliyonunuliwa kwa zawadi ni idhini halali lilifika mahakamani kupitia mradi wa Worldcoin. Julai 2023, maelfu ya Wakenya walipiga foleni katika jumba la KICC, Nairobi, ili mboni za macho yao zipigwe picha. Kila mmoja aliahidiwa sarafu 25 za kidijitali, zilizokadiriwa wakati huo kuwa na thamani ya takriban Sh7,000. Mnamo Agosti 2, 2023, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Prof Kithure Kindiki, alisimamisha shughuli hizo kote nchini.

Uamuzi wa Mahakama Kuu ulitolewa Mei 5, 2025. Jaji Roselyne Aburili aliamuru data hizo za kimaumbile zifutwe katika muda wa siku saba, chini ya usimamizi wa Afisi ya Kamishna. Mahakama ilikataa idhini iliyopatikana kwa kuwashawishi watu kwa sarafu hizo, na ikaeleza kuwa hapakufanywa tathmini ya athari inavyotakiwa na sheria. Mboni si sawa na orodha ya nambari, lakini hoja ya kushawishiwa inamhusu pia anayeahidiwa bando la intaneti.

Msingi wa haya yote ni Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinacholinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake, pamoja na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo kinamtwika anayekusanya data jukumu la kuthibitisha kwamba alipewa idhini. Aidha, kinataka izingatiwe iwapo huduma ilitegemea mtu kukubali kutoa data isiyohitajika kwa huduma yenyewe. Kugawa fulana hakuhitaji nambari ya mama mkwe wa mtu yeyote.

Tangu toleo la sita la Android lililotoka mwaka 2015, mwenye simu anaweza kukataa ruhusa moja na kukubali nyingine. Aliyekwisha kukubali anaweza kufungua Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa, na kuziondoa moja baada ya nyingine. Ila kuondoa ruhusa huzuia tu kinachofuata. Orodha iliyokwisha kunakiliwa hubaki mikononi mwa kampuni hata programu yenyewe ikifutwa kwenye simu.

Kwa orodha hiyo, Kifungu cha 40 humwezesha mhusika kudai data iliyopatikana kinyume cha sheria, au iliyozidi kiasi kinachohitajika, ifutwe. Haki hiyo si ya aliyepakua programu pekee. Hata mama mkwe ambaye nambari yake ilichukuliwa anaweza kuidai. Kampuni ikikaidi, malalamishi huwasilishwa kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria humpa siku 90 kuyachunguza na kuyakamilisha.