Taka Ikitoka Nyumbani Inaenda Wapi?

Wengi wenu mna mtoto, ndugu au shemeji anayeishi katika mtaa wa mabanda kule Nairobi, Mombasa au Kisumu. Ukimtembelea Kibera, Mathare au Mukuru, kitu cha kwanza kinachokupokea ni taka. Basi mtu anarudi kijijini akisema watu wa huko ni wachafu. Hilo si kweli. Mama wa Mathare hufagia chumba chake kila asubuhi kama wewe tu. Tofauti ni kwamba wewe una shamba nyuma ya nyumba, na yeye ana ukuta wa jirani.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu mmoja katika mitaa hii hutoa takribani nusu kilo ya taka kwa siku. Nyumba ya watu watano ni kilo mbili na nusu. Chukua nyumba 200, hiyo ni kilo 500 kila siku, na chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi hakina pa kuiweka. Lori nalo haliwezi kupita kwenye vichochoro. Kwa hiyo taka itaenda mtaroni, mtoni au motoni, kwa sababu hizo ndizo njia tatu zisizolipiwa.

Zote tatu zina gharama yake. Mwezi wa Aprili 2024, mto Mathare ulipofurika, maji yaliingia majumbani usiku na watu walikufa. Mvua ilikuwa kubwa mno, na nyumba zilikuwa zimejengwa ukingoni kabisa, hayo tusiyafiche. Lakini mtaro uliojaa nepi na chupa haupitishi hata mvua ndogo. Na moshi wa plastiki inayochomwa ndio watoto wanaopumua.

Katika mitaa mingi vijana wamejitokeza na mikokoteni na magunia, wanakusanya taka nyumba kwa nyumba kwa ada ndogo. Wengine wanawadharau na kuwaita chokoraa. Mimi naona hao ndio wanafanya kazi ambayo hakuna mwingine anaiweza mahali pale. Lakini vikundi vingi vya namna hii huanza vizuri na kufa kabla ya mwaka. Kwa nini?

Kwanza ni pesa. Tuseme ada ni shilingi 100 kwa mwezi. Nyumba 200 zikilipa zote ni shilingi 20,000. Lakini nusu ikilipa na nusu ikasema "taka yangu ni kidogo, nitaitupa mwenyewe", ni 10,000. Toa kodi ya mkokoteni, magunia na glavu, halafu wagawanye vijana wanne. Hapo kijana ataona afadhali kazi ya mjengo. Na wale ambao hawakulipa watatupa usiku pale pale palipofagiliwa, na waliolipa wataona hakuna maana.

Dawa ambayo nimeona ikifaa ni kuzungumza na mwenye ploti. Ada inaingizwa pamoja na kodi ya nyumba, na keateka anaikabidhi kwa kikundi mara moja kwa mwezi. Hapo hakuna wa kukwepa. Mwenye ploti akiwa haishi pale, mtafuteni; simu anayo. Pesa ilipwe kwa simu kwa laini ya kikundi, isiwe ya mwenyekiti, na daftari lisomwe mbele ya wote. Wenye vikundi mnajua vile minong'ono ya pesa huvunja watu, hata kama hakuna aliyeiba.

Pili ni siku. Msinunue mapipa ya kuweka kona. Pipa la mtaani hujaa siku ya pili, ya tatu linachomwa, ya nne limeibwa. Afadhali siku mbili maalumu kwa wiki, saa ile ile, na kengele au firimbi ili mama atoe gunia lake mlangoni. Mkikosa siku moja bila kutoa habari, watu wanarudi mtaroni.

Tatu, na hapa ndipo wengi huanguka, ni mahali pa kupeleka. Kila mwaka tunaona siku ya usafi: fulana mpya, wageni, picha. Taka inarundikwa kando ya barabara, lori linangojwa, mvua inanyesha, na yote inarudi mtaroni. Kabla ya kununua hata reki moja, kikundi kiende ofisi ya mazingira ya kaunti na kukubaliana: taka itawekwa wapi kandokando ya barabara ya lori, na lori litakuja siku gani. Ulizeni pia habari za leseni, pamoja na watu wa NEMA. Si kuomba hisani. Katiba ya 2010 imeweka kazi ya kuondoa taka mikononi mwa kaunti, na kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Chifu na wazee wa mtaa wajue pia, na mipaka ya kila kikundi iandikwe, kwani vijana hupigania maeneo.

Tena, kadiri mzigo unavyopungua ndivyo safari zinavyopungua. Zaidi ya nusu ya taka ya nyumbani ni maganda, mabaki ya ugali na majani ya mboga. Nyumba zetu 200 zikikusanyiwa mara mbili kwa wiki, kila siku ya kukusanya ni kama kilo 1,750. Mkokoteni wa kilo 250 utaenda mara saba. Mkitenga maganda, zitabaki safari tatu au nne, ingawa plastiki hujaza nafasi kuliko uzito wake. Sheria ya taka ya mwaka 2022 nayo inataka tutenganishe taka nyumbani. Ndoo kuukuu yenye kifuniko kwa maganda, gunia kwa kilicho kikavu, basi. Maganda yanakuwa mboji, au chakula cha nguruwe baada ya kuondoa vioo na misumari. Wengine hufugia mabuu ya nzi mweusi ya kulisha kuku. Chupa, chuma na karatasi ngumu vina wanunuzi. Nepi hazina mnunuzi, na lazima zifungwe peke yake.

Kile kinachobaki huenda jaani. Jaa la Dandora lilifunguliwa 1975, likatangazwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yaliendelea kumwaga huko miaka mingi baadaye. Mwaka 2007 UNEP ilitoa utafiti wa watoto 328 wa karibu na pale: karibu nusu walikuwa na madini ya risasi katika damu kufikia au kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo.

Na ninyi mnaouza mboga mjini: kabichi ikiondoka shambani na majani yake ya nje, majani yale hayaliwi na mtu. Yanalipiwa nauli hadi sokoni, mama mboga anayabambua, na kijana wa mkokoteni anayasukuma. Yabambueni shambani, ng'ombe wenu wale.