Ukuta wa Nta: Kwa Nini Dawa ya Kifua Kikuu Haikatizwi

Mzazi wa mwanafunzi wetu mmoja, huko Handeni, alipewa dawa ya kifua kikuu ya miezi 6. Mwezi wa pili kikohozi kikatulia, akanenepa, vidonge vilivyosalia akaviweka darini. Mwaka haukwisha akaanza kutema damu. Watu wakanena amerogwa. Hakurogwa, hakuujua ukuta wa adui yake.

Bakteria ni seli moja tu, na aghalabu huzungukwa na ukuta. Atakaye kuufahamu na azitazame nyumba zetu za udongo za Handeni na Korogwe: fito hupangwa, kisha hukazwa kwa kamba za mkonge. Fito za bakteria ni minyororo ya sukari za namna mbili; kamba zake ni vipande vifupi vya asidi amino. Wataalamu huuita ukuta huo peptidoglaikani. Penisilini huzuia kamba zisifungwe. Bakteria akuapo, ukuta hulegea, maji humwingia akapasuka. Seli za mwanadamu hazina ukuta kama huo, ndiyo maana dawa hiyo humwua yule ikamwacha huyu.

Mwaka 1884 Hans Christian Gram, mtu wa Denmark, aliwatia bakteria rangi ya zambarau. Wenye ukuta mnene wakaishika. Wenye ukuta mwembamba wakaiacha waliposuuzwa kwa spiriti.

Lakini kijidudu cha kifua kikuu, alichokitangaza Robert Koch mwaka 1882, kina hila nyingine. Juu ya fito zake kimepakwa nta, yaani asidi za maikoli, ambazo kila moja ina kaboni 60 hadi 90. Warina asali wetu wajua kwamba maji hayapenyi nta. Basi dawa nyingi hukiingia kwa shida. Hata rangi ikisha kukiingia, tindikali haiitoi. Kwa alama hiyo wapimaji wa makohozi hukitambua katika hadubini.

Isoniazidi huzuia nta isitengenezwe. Ethambutoli huzuia sukari zinazoishika nta ukutani. Ila kijidudu hiki hukua polepole, hujigawa mara moja kwa muda wa saa 20 hivi, na vingine hulala kimya. Dawa iharibuyo ujenzi haimpati asiyejenga. Kwa hiyo dawa huchanganywa, na kungoja hakuna budi. Akatizaye huviacha vile vigumu vikazaliana, na pengine dawa za kwanza zisivifae tena.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituhimiza kujitibu. Hata Ramadhani isiwe sababu ya kukatiza: mgonjwa ameruhusiwa kula, na siku atazilipa. Wala umaskini si udhuru, kwani hospitali za serikali hutoa dawa hizi bila malipo.

Mzee wetu ameanza tena. Kila baada ya sala ya alfajiri mwanawe humhesabia vidonge, naye humeza mbele yake. Nasi twawaomba vijana wote wafanye vivyo hivyo majumbani mwao. Wabillahi tawfiq.