Hesabu ya Siku: Mbwa wa Kituoni na Mlezi wa Muda

Katika nchi nyingi serikali za miji huajiri watumishi wa kukamata mbwa wanaozurura bila mwenyewe. Mbwa aliyekamatwa hupelekwa katika kituo chenye vibanda vya saruji na milango ya nondo, na huko husubiri. Mwenyewe akija kumdai, hurudi kwao. Asipodaiwa, na kituo kikiwa kimejaa, huenda akauawa kwa sindano. Makala haya yanaeleza njia moja iliyosaidia kupunguza vifo hivyo: kumtoa mbwa kituoni na kumweka katika nyumba ya mlezi wa muda hadi apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Msomaji anaweza kudhani kwamba hili ni jambo la huruma tu. Huruma imo, lakini imo pia hesabu, na imo fiziolojia, na hayo mawili ndiyo yanayotuhusu hapa.

Tuanze London, kwa sababu historia yake inajulikana vyema. Mwaka 1860 mwanamke aitwaye Mary Tealby alianzisha katika eneo la Holloway makao ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Watu wengi walimcheka, wakauliza kwa nini mbwa watunzwe ilhali mjini mna watoto maskini. Makao hayo yalihamia Battersea mwaka 1871, na yako huko mpaka leo. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1990, mbwa aliyekamatwa na halmashauri hana budi kuwekwa siku 7 ili mwenyewe apate nafasi ya kumdai. Baada ya hapo ofisa anayehusika anaweza kumuuza au kumtoa kwa mtu atakayemtunza vizuri, kumkabidhi kwa shirika linalopokea mbwa, au kumuua kwa njia isiyomtesa. Sheria hiyo hairuhusu kabisa atolewe kwa ajili ya majaribio ya kupasuliwa akiwa hai.

Kwa hiyo siku ya nane ndiyo yenye uzito. Hebu tuone ni kitu gani hasa kinachojaza kituo.

Kituo hujazwa na siku

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi ya hisabati inayohusu foleni za kila namna, ziwe za wateja dukani au za magari barabarani. Kanuni yasema kwamba idadi ya waliomo ndani ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa siku, mara wastani wa siku ambazo kila mmoja hukaa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuitumia.

Tuchukue kituo cha mfano chenye vibanda 50, kila kibanda mbwa mmoja. Mbwa 5 huingia kila siku, na kila mmoja hukaa siku 12 kwa wastani. Basi wanaohitaji nafasi ni 5 × 12, yaani 60. Vibanda 10 vimepungua. Mkuu wa kituo afanye nini? Anaweza kujenga vibanda 10, kama fedha zipo. Anaweza pia kupunguza wastani wa siku kutoka 12 hadi 10, kwa maana 5 × 10 ni 50. Hapa ndipo ukweli mchungu unapojitokeza, kwani sindano nayo hupunguza siku. Mbwa anayeuawa siku ya nane hupunguza wastani sawasawa na yule aliyepata makao mapya siku hiyo hiyo. Daftari la kituo, likiangaliwa kwa idadi ya vibanda tu, haliwezi kuwatofautisha.

Sasa tumwingize mlezi wa muda. Katika kila mbwa 5, wawili wapelekwe kwa walezi mara siku 7 za sheria zinapokwisha, na watatu waendelee kukaa siku zao 12. Hesabu inakuwa 3 × 12 kujumlisha 2 × 7, yaani 36 na 14, jumla 50. Kituo kimetosha, na hakuna mbwa aliyeuawa kwa kukosa nafasi.

Mwalimu asiishie hapo. Awaulize wanafunzi: siku zilizopungua zimekwenda wapi? Hazikupotea, zimehamia majumbani. Ikiwa kila mbwa hukaa kwa mlezi siku 30 kabla ya kupata mwenyewe mpya, basi 2 × 30 ni mbwa 60 walio nje wakati wowote, na nyumba 60 zinahitajika. Wakipatikana walezi 30 tu, wastani wa kukaa hauna budi kushuka hadi siku 15. Ndiyo maana vyama vingi hulalamikia uhaba wa walezi kuliko uhaba wa saruji. Ndiyo maana vilevile mlezi anayempenda mbwa hata akaamua kumchukua mwenyewe huwa habari njema kwa mbwa huyo na habari ya mashaka kwa anayefuata, kwa kuwa nyumba moja imefungwa.

Kibanda na mwili wa mbwa

Hesabu peke yake ingetosha kumtetea mlezi wa muda. Lakini kuna jambo la pili, nalo ni kwamba siku za kibandani zenyewe humbadilisha mbwa.

Sikio la mbwa husikia sauti zenye mitetemo ipatayo 45,000 kwa sekunde, ilhali letu hukomea karibu na 20,000. Vipimo vilivyofanywa katika miaka ya 1990 vilionyesha kwamba kelele katika majengo ya mbwa wengi huweza kupita desibeli 100. Katika kelele hiyo mbwa hulala vipande vipande. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo humwaga katika damu homoni ya kotisoli, ambayo huongeza sukari ya damu na kuutayarisha mwili kukabili hatari. Kwa muda mfupi homoni hiyo ni msaada. Ikiendelea kumwagika siku nyingi, hudhoofisha kinga ya mwili. Mwaka 1997 Michael Hennessy na wenzake huko Ohio, Marekani, walionyesha kwamba kotisoli ya mbwa wa kituoni ilikuwa juu hasa katika siku tatu za kwanza, juu sana kuliko ile ya mbwa waliopimwa majumbani mwao.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Lisa Gunter na wenzake uliendelea kutoka hapo. Waliwachukua mbwa 207 wa vituo 5 vya Marekani, wakawapeleka kulala kwenye nyumba za watu usiku mmoja au miwili, kisha wakawarudisha. Walipima kotisoli katika mkojo, njia isiyohitaji sindano. Kwa vile mkojo huweza kuwa mzito au mwepesi kufuatana na maji aliyokunywa mbwa, waliilinganisha kotisoli na kreatinini, taka ambayo mwili huitoa kwa kiasi kisichobadilika sana. Kotisoli ilishuka mbwa walipokuwa nyumbani. Waliporudi kituoni ilipanda tena, lakini haikuzidi kiwango cha mwanzo. Jambo hilo la mwisho ni muhimu, maana wako waliohofu kwamba kumwonjesha mbwa utulivu na kumrudisha ni kumtesa zaidi.

Tunapata hapa maelezo ya jambo ambalo wageni wa vituo hulikosea. Mtu apitaye mbele ya vibanda akiona mbwa anabweka, anarukia nondo au amejikunyata pembeni, husema, "Huyu ni mkali," au "Huyu ni mgonjwa," akapita. Anachokiona ni mbwa pamoja na kibanda chake. Asipochaguliwa leo huongeza siku, na siku humzidishia ubaya wa sura na tabia, na ubaya humwongezea siku.

Kwa watoto wa mbwa kuchelewa ni hatari zaidi. Katika majaribio yaliyofanywa Bar Harbor, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1961, watoto wa mbwa ambao hawakuguswa na binadamu hadi wiki ya 14 waliendelea kumwogopa binadamu hata baada ya kufundishwa kwa makini. Dirisha la kuzoea hufunguka karibu na wiki ya 3 na kuanza kufunga karibu na wiki ya 12. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa kibandani hawezi kusubiri kama mkubwa.

Nyumbani kwa mlezi

Ugonjwa wa kwanza wa kuhofiwa ni pavo, uliojitokeza duniani mwaka 1978 na kuenea mabara yote kwa muda wa miaka miwili hivi. Virusi vyake hudumu katika udongo kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, huviua. Mbwa mgeni hutengwa na mbwa wa nyumbani kwa muda wa wiki mbili, naye huwa amechanjwa kabla ya kutoka kituoni.

Uingereza haina kichaa cha mbwa miongoni mwa mbwa wake. Hapa Afrika ya Mashariki tunacho, na mbwa asiyejulikana alikotoka anaweza kuwa na virusi kwa wiki au miezi kabla ya dalili kuonekana. Chanjo ya siku ya kwanza haifuti virusi vilivyokwisha kuingia. Kwa hiyo mlezi wa kwetu hana budi kuwa mwangalifu zaidi: watoto wasiachwe peke yao na mbwa huyo, na atakayeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo.

Kazi hii haiko mbali nasi. Huko Karen, Nairobi, chama cha KSPCA hupokea mbwa na kuwatafutia wenyewe wapya. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za kwetu mbwa hulala nje, na kwa Waislamu wengi mate yake ni najisi, kwa hiyo mlezi atamweka uani. Vipimo vya Gunter vilihusu mbwa waliolala katika nyumba za watu. Banda la uani halikupimwa. Mwanafunzi atakayetafuta mada ya utafiti ameipata.

Mlezi mzuri hutunza daftari. Siku za kwanza huandika mambo madogo: amelala saa ngapi, amekula nini, amejificha wapi mvua iliponguruma. Baada ya wiki mbili daftari linaanza kusema mambo ambayo hakuna mtumishi wa kituo angeyajua: kwamba anaogopa fagio, kwamba kuku hawamshughulishi, kwamba akiachwa peke yake hulia kwa robo saa kisha hutulia. Mtu anayekuja kumchukua husomewa daftari hilo kabla hajaonyeshwa mbwa.