Mtungi Usiotoa Jasho

Hapa Kitengela, Kajiado, watu huniuliza mtu wa Mombasa kafuata nini bara kuja kufinyanga. Swali ni la haki. Udongo wa hapa ni ule mweusi wa tambarare: ukinywa maji huvimba, ukikauka hupasuka. Ninaoutumia huletwa kwa magunia kutoka kwingine.

Bibi yangu alifinyanga mitungi na vyetezo, akavichoma kwa kuni uwanjani. Mtungi wake ulitoa jasho, ndiyo maana maji yake yakawa baridi. Mimi nilitaka kuchonga nakshi kama za milango yetu, lakini kwa moto ule mdogo kingo zilimeguka. Joko langu hufika digrii 1,250, na udongo hufungamana ukawa kama jiwe. Vyombo vya jinsi hiyo wazee wetu walivinunua kutoka Uchina, wakavipanga katika zidaka.

Aliyenipa moyo ni Ladi Kwali wa Nigeria. Alifundishwa na shangazi yake kufinyanga kwa mkono, na mwaka 1954 akaingia kituo cha ufinyanzi cha Abuja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Mtungi wa kwao hakuuacha. Aliuchora mijusi na nge, kisha ukachomwa kwa moto mkali. Picha yake imo katika noti ya naira 20. Mkenya mwenzetu Magdalene Odundo naye alikwenda Abuja miaka ya 1970, ingawa alishika njia nyingine, ya vyombo vya kung'arishwa na kufukizwa moshi.

Kuchonga kuna saa yake. Chombo huwa kigumu kama ngozi ya kiatu: kikiwa kibichi kisu huburura, kikikauka ua humeguka. Ukichimba mno, ukuta hupasuka jokoni, na humo imo kazi ya mwezi mzima. Moto ukikolea natia magadi, yatokayo Ziwa Magadi, huku huku Kajiado. Mvuke wake huvika chombo ngozi ya kioo.

Taabu ni kuuza. Mjini Kajiado mama mmoja wa Kimaasai alikigonga kwa ukucha kikalia kama kengele, akauliza kama kinapoza maji. Hakipozi, kwa kuwa hakitoi jasho. Akacheka, akasema kibuyu chake ni chepesi zaidi.

Wanunuzi wangu hutia maua. Chetezo sichongi kwa udongo huu; kaa la moto hukipasua. Udi nyumbani kwangu tunafukiza kwa kile cha bibi.