Weupe usiwe kigezo cha pekee cha kofia ya jino

Gego langu la chini lilivunjikia kwenye sahani ya githeri. Kijiwe kimoja kilichowaponyoka waliochambua maharagwe kilitosha kulipasua, maana lilikuwa limekwisha kutobolewa na kuzibwa miaka ya nyuma. Daktari wa meno aliniambia kwamba salio la jino lingeweza kuokolewa kwa kuvishwa kifuniko, kisha akaniuliza swali moja tu: je, nilitaka kifuniko cheupe au cha rangi ya madini? Nami, kwa kuwa riziki yangu ni kusimama mbele ya wanafunzi, nikajibu bila kufikiri kwamba nilitaka cheupe. Mwaka haukwisha kabla ya ganda la kauri kubanduka nikitafuna mahindi ya kuchoma, likaacha metali ya kijivu ikichungulia. Nilikuwa nimelipia weupe, na weupe ndio uliotangulia kuondoka.

Tangu siku hiyo nimeuliza na kusoma, na ninaona kwamba sehemu ya kosa imo katika jina lenyewe. Waingereza hukiita kifuniko hicho taji, na baadhi yetu tumewafuata. Mimi napendelea kofia. Taji huvaliwa kwa fahari; kofia ya mkulima huvaliwa kwa sababu ya jua. Anayeingia kwa daktari akitafuta taji atatazama rangi. Anayetafuta kofia atauliza jino lake limekaa wapi, linabeba uzito gani, na litachongwa kiasi gani ili kofia ipate nafasi.

Swali hilo la mwisho ndilo zito zaidi, na ndilo lisiloulizwa. Enameli, yaani gamba la nje la jino, ndiyo tishu ngumu kuliko zote mwilini, lakini ikishachongwa haioti tena. Kila aina ya kofia hudai fungu lake. Kofia ya metali tupu, iwe ya dhahabu iliyochanganywa na metali nyingine au ya aina ya bei nafuu, yaweza kuwa nyembamba na bado ikawa imara. Juu ya gego huhitaji nafasi ya kama milimita 1 hadi 1.5. Ile iliyonivunjikia, yenye kiunzi cha metali kilichovikwa kauri, hudai hadi milimita 2 panapotafunia, kwa kuwa sharti matabaka mawili yaenee. Milimita moja shambani si kitu. Ndani ya jino ni tofauti kati ya kuukaribia mshipa wa fahamu na kuuacha usingizini.

Nisieleweke kwamba kofia ya metali na kauri ni ya kutupwa. Hataza zake zilitolewa Marekani mwaka wa 1962, na kwa miongo kadhaa ndiyo iliyokuwa chaguo la kawaida. Kabla yake ilikuwako kofia ya kauri tupu iliyobuniwa mwishoni mwa karne ya 19 na Charles Land wa Detroit, babu yake Charles Lindbergh, yule rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka wa 1927. Ilipendeza macho, ila ilivunjika kwa wepesi; ndipo metali ikawekwa chini ili kuipa kauri mgongo. Walakini kikombe hakiachi kuwa kikombe kwa kuwekwa juu ya sinia la chuma. Kwenye jino la mbele kauri hiyo huweza kukaa kwa amani. Kwenye gego la mtu asagaye meno usingizini, ni bahati nasibu.

Siku hizi jibu linalotolewa upesi ni zirkonia. Mwalimu wa kemia ataitambua: ni oksidi ya zirkoniamu, elementi ya 40, ambayo Klaproth wa Ujerumani aliigundua mwaka wa 1789. Mchanga wa zirkoni, ambao ndio chimbuko la zirkonia, ulichimbwa kwetu Kwale pamoja na madini ya titaniamu hadi mwishoni mwa mwaka wa 2024, ukasafirishwa ng'ambo. Uimara wake ni wa ajabu: ufa unapoanza, fuwele zilizo karibu nao hubadili umbo na kuvimba kidogo, zikaubana usiendelee. Lakini aina iliyo imara zaidi haipitishi mwanga kama jino, na ile iliyofanywa angavu hupoteza sehemu ya uimara huo. Tena, daktari akiisugua ili ikae sawa kisha asiing'arishe, mkwaruzo wake utalisaga jino linalokutana nayo. Kwa meno ya mbele wengi huipenda kauri ya lithiamu disiliketi, inayopokea mwanga kama jino la asili. Nayo haifichi vyema jino lililokufa na kugeuka jeusi, kama vile shuka jepesi lisivyoficha doa la godoro. Na yeyote anayewashwa na hereni za bei rahisi amwambie daktari mapema, kwa sababu baadhi ya metali za bei nafuu zina nikeli.

Haya yasingenifanya nishike kalamu lau hasara ingekuwa yangu peke yangu. Wanaonitia wasiwasi ni vijana. Katika sehemu za Bonde la Ufa, Nakuru mathalani, maji ya visima vingi yana floridi nyingi, na watoto wanaoyanywa meno yao yakiwa bado yanaundwa hupata madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Mwanafunzi huyo hutaniwa, hujifunza kucheka akiwa amefumba mdomo, na apatapo mshahara wa kwanza hutamani kuyavika meno yote kofia nyeupe. Aghalabu meno yenyewe bado ni mazima. Kuyachonga pande zote kwa ajili ya madoa ni kubomoa nyumba kwa kuchukia rangi ya ukuta. Zipo njia za kujaribiwa kwanza: kusugua tabaka jembamba la juu kwa dawa, kuyang'arisha, au kubandika ganda jembamba upande wa mbele tu. Hakuna kofia ya milele. Atakayevikwa akiwa na miaka 20 atabadilishiwa, pengine zaidi ya mara moja, na kila badiliko hulimega jino.

Kwa watoto wadogo mambo hugeuka. Wazazi huikataa kofia ya chuma kisichoshika kutu kwa sababu haipendezi, ilhali gego la utotoni lililooza huokolewa nayo. Daktari Norna Hall wa Scotland aliivisha bila sindano na bila kuchonga, jino likabaki likingoja kung'oka kwa wakati wake.

Mimi nilirudi kwa daktari mwingine nikiwa na maswali yangu kwenye karatasi, mfano wa mtahiniwa. Alikuwa na subira, akayajibu yote, bei pia. Kwa vile gego lile halionekani ila nikipiga miayo, nilichagua metali tupu. Binti yangu alipoiona alisema nimevaa sufuria mdomoni. Githeri nala kama zamani, ila maharagwe siku hizi huyachambua mwenyewe.