Ulevi wa Kurithi katika Panya wa Maabara na Mipaka ya Kuuhusisha na Wanywaji wa Wanzuki wa Ugalla

Katika eneo la Ugalla, ambako asali ya miombo hurinwa kutoka katika mizinga ya magome na ya magogo, wanzuki ni kinywaji kilichozoeleka, na dai kwamba ulevi “uko kwenye damu” ya ukoo fulani ni jepesi kutolewa. Dai hilo linapoingia katika utafiti wa afya, ushahidi wake hutafutwa katika majaribio ya panya. Makala hii inafafanua kile ambacho majaribio hayo yanathibitisha na mahali yanapokomea.

Msingi wake ni koo safi za panya, yaani zile zilizopatikana kwa kujamiisha kaka na dada kwa vizazi visivyopungua 20 mfululizo, hata panya wa ukoo mmoja wakawa karibu nakala moja kijeni. Ukoo wa DBA ulianzishwa mwaka 1909, na wa C57BL mwaka 1921. Kila ukoo una maradhi yake: DBA/2 huugua glaukoma wanapozeeka, C57BL/6 hupoteza usikivu, na wakilishwa mafuta mengi hunenepa na kuonyesha dalili za kisukari. Mwaka 1959, McClearn na Rodgers walionyesha kwamba panya wakiwekewa chupa ya maji na chupa ya maji yenye alkoholi, C57BL huipendelea ya pili, ilhali DBA huikwepa.

Hata hivyo, kukwepa chupa si kutoathirika. DBA/2 ndio wanaopata degedege kali zaidi wanapoachishwa alkoholi waliyozoeshwa. Na inapoingizwa moja kwa moja katika mshipa wa damu, hujitafutia. Sehemu ya kinachorithiwa, basi, ni ladha. Neno “ulevi” hukusanya mambo kadhaa, yakiwamo ladha, wepesi wa kulewa na taabu ya kuacha, ambayo hayarithiwi kwa pamoja.

Mwaka 1999, Crabbe, Wahlsten na Dudek walipima koo zilezile Albany, Edmonton na Portland kwa vifaa na taratibu za namna moja. Vipimo vya wasiwasi vilitofautiana baina ya maabara (Edmonton, mpimaji mmoja alivaa barakoa ya kupumulia kwa sababu ya mzio wa panya), lakini C57BL/6 waliongoza kwa unywaji kote.

Uthabiti huo unashawishi, na hapo ndipo neno “ukoo” linapopotosha. Ukoo wa panya umetengenezwa kwa ndoa ambayo ukoo wa watu huiharamisha. Kila mke aolewaye kutoka nje huleta jeni nyingine. Tena, mazingira ya maabara yakisawazishwa, tofauti inayosalia lazima ionekane kuwa ya urithi. Ugalla hakuna usawazisho huo: msimu wa asali, bei, sherehe na ukali wa kila chungu hubadilika.

Urithi kwa binadamu haukanushiki. Aina moja ya kimeng’enya cha ini, inayopatikana kwa baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, huharakisha uvunjaji wa alkoholi na imehusishwa na upungufu wa uraibu. Lakini jeni hiyo hupimwa kwa mtu mmoja mmoja. Jina la ukoo haliionyeshi. Mtafiti atakayelinganisha koo za Ugalla bila kupima kwanza nguvu ya wanzuki inayonywewa atakuwa amepima vyungu.